Kituo Kimoja, Miaka Mingi: Jinsi ya Kutunza Ziwa, Kinamasi na Msitu kwa Kamera

Anayefika Nakuru leo akitafuta lango kuu la zamani la Mbuga ya Ziwa Nakuru ataonyeshwa maji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limepanda, likameza lango, barabara na migunga iliyokuwa ukingoni. Maji mengi yalizimua magadi, mwani unaoliwa na heroe (flamingo) ukapungua, nao heroe wengi wakahamia maziwa ya Bogoria, Elementaita na kwingineko. Picha za heroe wa Nakuru zimejaa kila mahali. Lakini jaribu kutafuta picha kumi zilizopigwa kutoka mahali palepale, zinazoonyesha ukingo wa maji ulikuwa wapi mwaka hadi mwaka, uone utakavyohangaika.

Pengo hilo ndilo mpiga picha wa kawaida anaweza kuliziba, awe Nakuru, Kisumu, Kakamega au Kitale, awe na kamera ya maana au simu tu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuanzisha kituo cha picha na kukidumisha, jinsi ya kupiga ndege na wanyama bila kuwafukuza, na mahali pa kupeleka picha zikafanye kazi.

Kuchagua kituo

Kituo ni mahali utakaposimama leo, miezi mitatu ijayo, na miaka kumi ijayo. Wengi huharibu hapa mwanzoni kabisa: huchagua penye mandhari ya kupendeza badala ya panapofikika. Kituo kinachodai gari la kukodi na ada ya mbuga kila mara kitaachwa kabla ya mwaka kwisha. Chagua mahali unapofika kwa matatu, bodaboda au miguu, ambapo umma unaruhusiwa kusimama, na ambapo hutamlazimu mlinzi kukuuliza kila mara unafanya nini. Daraja juu ya Mto Njoro, unaomwaga maji yake Ziwa Nakuru, ni kituo kizuri kuliko Baboon Cliff kwa mtu asiye na gari, ingawa Baboon Cliff ina mandhari ya ziwa zima. Kisumu, ufuo wa Dunga unakupa kinamasi cha mafunjo na maji ya Ghuba ya Winam kwa mara moja. Kakamega kuna kilima cha Lirhanda kinachotazama msitu kutoka juu. Karibu na Kitale, Mbuga ya Saiwa ina minara ya mbao ya kutazamia nzohe (swala wa vinamasini), na mnara ni kituo kilichokwisha kujengwa tayari.

Anza na kituo kimoja. Vitatu ndio mwisho. Mwenye vituo kumi huwa hana hata kimoja baada ya miaka miwili.

Ndani ya fremu unahitaji vitu vitatu: kitu cha karibu kisichohama (nguzo ya daraja, jiwe kubwa, kona ya jengo), kitu kinachobadilika ambacho ndicho sababu ya picha (ukingo wa maji, mafunjo, miti), na kitu cha mbali kisichobadilika, hasa mstari wa vilima. Ukiwa Nakuru una mabega ya Menengai. Kisumu una vilima vya Riat. Bila mstari wa vilima hutaweza kuthibitisha miaka kumi baadaye kwamba ulisimama mahali palepale.

Fikiria jua pia. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Kituo kinachotazama magharibi kipigwe asubuhi, kinachotazama mashariki kipigwe alasiri. Kinachotazama kaskazini au kusini hakikusumbui sana, na kama una uhuru wa kuchagua, chagua hicho.

Na mara tu unapokipata kituo, tafuta cha akiba mita chache juu zaidi. Ziwa likipanda, kituo cha ukingoni kinakuwa ndani ya maji na kumbukumbu yako inakatika. Piga vituo vyote viwili siku moja angalau mara mbili, ili siku ya kuhama uwe na picha zinazounganisha cha zamani na kipya.

Kuweka alama bila kuharibu

Usipigilie msumari kwenye mti wala usipake jiwe rangi. Simu itakupa majira ya nukta (latitudo na longitudo ya mahali uliposimama), lakini simu nyingi hukosea kwa mita kadhaa, hata pale inapoonyesha tarakimu nyingi baada ya nukta. Mita tano pembeni zinatosha kuficha mti mzima nyuma ya nguzo.

Njia ya uhakika ni kulinganisha vitu viwili. Tafuta kitu cha karibu na kitu cha mbali vinavyokaa kwenye mstari mmoja ukisimama kituoni: tuseme ukingo wa kushoto wa nguzo unagusa kilele fulani cha kilima. Kisha tafuta jozi ya pili upande wa kulia wa fremu. Ukisogea nusu hatua tu, jozi moja inaachana. Ukizikutanisha zote mbili, umesimama palepale. Ziandike jozi hizo kwenye daftari na uzichore kwa kalamu juu ya nakala iliyochapishwa ya picha ya kwanza.

Kupiga picha ya kituo

Beba stendi ya miguu mitatu, uzi wenye fundo kwenye mita 1.5, kijiti cha mita moja kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita 10, karatasi, kalamu nene, na picha ya mara ya kwanza iliyochapishwa na kufunikwa kwa plastiki.

1. Weka stendi, shusha uzi kutoka kwenye kamera hadi ardhini, fundo liwe sawa na lenzi. Bila stendi, egemea kitu kilekile kila mara na uandike hivyo.
2. Kamera ikae mlalo na isawazishwe. Kama lenzi yako ni ya kuvuta, tumia mwisho wake mpana, pale inapogota. Alama za katikati hazikupi kipimo kilekile mara mbili. Kwenye simu tumia 1x, kamwe usivute kwa vidole.
3. Weka kila kitu kwa mkono: tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 au 200, rangi ya mwanga kwenye alama ya jua. Kasi ya shata ndiyo ibadilike kufuatana na mwanga. Ukiiachia kamera ijiamulie rangi, kinamasi kilekile kitakuwa kijani leo na cha kahawia kesho, na hutajua kama ni ukame au ni kamera.
4. Picha ya kwanza iwe ya karatasi uliyoandika jina la kituo, tarehe na saa. Karatasi hii imeokoa kumbukumbu nyingi ambazo saa ya kamera ilikuwa imepotoka.
5. Piga fremu kuu mara tatu. Kisha piga kushoto, katikati na kulia, kila moja ikipandana na mwenzake kwa thuluthi moja.
6. Simika kijiti kwenye ukingo wa maji au penye mimea unayofuatilia, kilipo kila mara, upige.
7. Kabla ya kufungasha, linganisha kioo cha kamera na picha uliyochapisha. Kagua jozi zote mbili.

Kuhusu saa: daftari likisema "saa 3" na kamera ikisema 09:00, mtu mwingine akisoma baada ya miaka hatajua kama ni asubuhi kwa saa zetu au alasiri kwa saa za kamera. Andika saa ya kamera yenye tarakimu nne, daima.

Mara nne kwa mwaka zinatosha: katikati ya Januari wakati wa kiangazi, Mei mvua ndefu zikiwa zimekolea, Agosti, na Novemba. Muhimu ni kwamba saa isitofautiane kwa zaidi ya nusu saa kutoka mwaka hadi mwaka.

Mambo yanayoharibu kumbukumbu hizi hurudiwa sana. Mti mdogo uliokuwa kando unakua na kuziba kila kitu. Usiukate, hamia kituo cha akiba. Mtu anabadilisha simu, na 1x ya simu mpya ni pana kuliko ya zamani. Hapo piga kwa simu zote mbili siku moja kabla ya kuiuza ile ya kwanza. Kichujio cha kuondoa mng'aro wa maji kinatumika mara moja, mara nyingine hakitumiki, na maji yanaonekana safi au machafu kwa sababu ya kioo tu. Kivue kabisa kwa picha za kituo.

Kisumu kuna tatizo la pekee, nalo ni magugu maji. Hayakai mahali. Usiku na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, alasiri ukageuka na kuvuma kutoka ziwani kuja ufuoni. Zulia la magugu lililoziba gati jioni linaweza kuwa limeondoka asubuhi. Kwa hiyo picha moja ya ufuo uliojaa magugu haisemi kwamba yameongezeka, wala ya ufuo mtupu haisemi kwamba yameisha. Andika upepo unatoka wapi na una nguvu gani, na kwa kituo cha aina hii piga siku tatu mfululizo saa ileile. Ndipo picha yako itakuwa na uzito mbele ya mtu anayejua ziwa.

Heroe, mwari na umbali

Ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru unapiga ukiwa garini, isipokuwa mahali palipotengwa pa kushukia. Usiache barabara, usipite kilomita 40 kwa saa, zima injini kabla ya kupiga maana mtikisiko wake unaharibu picha za lenzi ndefu. Laza lenzi juu ya mfuko wa maharagwe dirishani. Kilo moja na nusu ya maharagwe makavu kwenye mfuko wa kitambaa inatosha, na ni imara kuliko vifaa vingi vya dukani. Chupa za maji za kutumia mara moja hazikubaliki katika mbuga na hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hivyo beba chupa ya kujaza tena.

Elementaita ambako unaweza kuufikia ufuo kwa miguu, kazi ya kupima umbali ni yako. Usiulize ni mita ngapi. Watazame heroe wenyewe. Heroe anayekula ameinamisha shingo, kichwa kimepinduliwa juu chini ndani ya maji, anachuja mwani. Ukikaribia mno, kwanza vichwa vya wale wa pembeni vinainuka. Kisha shingo zinanyooka, kundi zima linaelekea upande mmoja na kuanza kutembea kwenda kwenye kina, likijibana. Hatua inayofuata ni mbio juu ya maji na mabawa, kwa sababu heroe hawezi kupaa bila kukimbia kwanza. Unatakiwa usimame vichwa vya kwanza vinapoinuka, urudi nyuma hatua kumi, uchuchumae na kungoja hadi vishuke tena. Picha ya kundi likiruka kwa hofu inapendwa sana mitandaoni. Kwa maoni yetu ni picha ya mpiga picha aliyekosea, na ndege wamemlipia kosa hilo kwa chakula walichoacha na nguvu walizopoteza.

Nenda kwa mshazari, si moja kwa moja. Nenda mmoja au wawili, si kumi. Wakati mwari weupe wanapozaliana Elementaita, acha kabisa kukaribia visiwa vyao, hata kwa ndege isiyo na rubani. Ndege hizo zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kwa kanuni za mwaka 2020, na ndani ya mbuga hazirushwi bila idhini ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya). Lakini hata ukiwa na vibali vyote, juu ya kundi la ndege wa majini hazina nafasi.

Mipangilio ya kuanzia: kasi ya shata kwa ndege anayeruka iwe sekunde 1/2000 au haraka zaidi, kwa aliyesimama 1/500. Maji yanayong'aa huidanganya kamera, ikatoa ndege weusi. Ongeza mwanga +0.7 kisha ukague kama manyoya meupe hayajaungua. Maliza kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo hewa juu ya maji hutetemeka kwa joto na hakuna lenzi itakayokupa manyoya makali, hata iwe ya bei gani.

Kama unataka kuhesabu kundi, panda juu, anza kushoto, piga fremu zinazopandana kwa thuluthi moja hadi kulia bila kubadilisha kipimo cha lenzi. Nyumbani, ziunganishe kwenye kompyuta, chora miraba, weka nukta juu ya kila ndege. Wengine wamejificha nyuma ya wenzao, kwa hiyo andika "si chini ya", usiandike idadi kamili. Ndege wa majini wa maziwa ya Bonde la Ufa huhesabiwa kila Januari. Ukiwa na mkono mwepesi wa kuhesabu, jitolee.

Kinamasi: mafunjo na korongo taji

Dunga, ndege wanaotafutwa ni wale wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo. Maarufu ni gonolek wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Utamsikia muda mrefu kabla ya kumwona, dume na jike wakiitikiana. Kodisha mtumbwi kupitia BMU ya ufuo (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), wa kupiga kasia, si wa injini. Vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama nahodha anacheka. Ondokeni alfajiri, mwe mmerudi kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Kiboko akionekana, nahodha ndiye anayeamua, na usimwombe asogee. Funga kamera kwenye mfuko usiopitisha maji, uufunge na chupa tupu iliyozibwa ili ukitumbukia uelee.

Simamisheni mtumbwi mita chache kutoka kwenye ukuta wa mafunjo na mngoje. Usicheze sauti ya ndege kwenye simu ili atoke. Dume anayesikia sauti ya mgeni huacha kulisha au kulinda kiota ili apigane na mpinzani asiyekuwepo, na Dunga, panapotembelewa na wapiga picha wengi, ndege yuleyule anaweza kuchezewa kila siku. Vilevile ukiahidiwa kwamba tai atarushiwa samaki aliyetiwa kipande cha bua la funjo tumboni ili aelee, kataa kwa upole na umlipe nahodha pesa ileile. Akijua pesa inakuja bila samaki, hana sababu ya kuendelea.

Korongo taji yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na bado hutaga kwenye vinamasi vya Kitale, Siaya na Busia, mara nyingi katikati ya mashamba. Kiota chake kiko chini kwenye nyasi ndefu za majimaji, mayai mawili hadi manne, na kuyaatamia huchukua takriban mwezi. Hapa hakuna ujanja wa lenzi utakaokuokoa: usipige kiota. Ukipita kwenye nyasi unaacha njia iliyolala, na njia hiyo mbwa huifuata, na watoto wanaotafuta vifaranga wa kuuza huifuata pia. Piga korongo wakiwa malishoni, shambani baada ya mavuno, asubuhi. Ukigundua kiota, mwambie mwenye shamba ana kwa ana, maana yeye ndiye anayeweza kuzuia ng'ombe na moto, kisha unyamaze.

Msituni Kakamega

Mwanga ni haba na mvua ya alasiri ni ya kawaida. Ingia mapema na kiongozi anayeujua msitu. ISO 3200 hadi 6400 si dhambi. Picha yenye chembechembe ni bora kuliko iliyotikisika. Mbega atakusumbua kwa manyoya yake: kamera ikiona weusi mwingi huongeza mwanga, na yale marefu meupe yanaungua. Punguza -0.7. Ndege aliye juu ya mti dhidi ya mbingu nyeupe ni kinyume chake, ongeza +1 hadi +1.7. Usitumie flashi kwa wanyama wa usiku, na usivunje tawi linaloziba. Lisogeze kwa uzi kisha ulirudishe.

Adui mkubwa wa lenzi Kakamega ni ukungu unaoota ndani ya vioo. Ukirudi nyumbani usiache vifaa kwenye begi lenye unyevu. Vikaushe kwa kitambaa, vianikwe kivulini penye hewa kwa saa moja, kisha uvitie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana pamoja na pakiti za chembe za silika zinazobadilika rangi. Zikilowa, zikaange kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo hadi rangi irudi, uzipoeze ndipo uzitumie. Mchele, unaopendekezwa na kila mtu mtaani, una vumbi la wanga na hauvuti unyevu wa kutosha. Kwa vumbi la magadi la maziwa ya Bonde la Ufa, puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira; ukilifuta likiwa kavu linakwaruza kioo. Miguu ya stendi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kuficha mahali

Picha ya kituo inahitaji majira ya nukta. Picha ya kifaru, ya kiota au ya mnyama anayewindwa haiyahitaji kabisa. Zima huduma ya mahali ndani ya programu ya kamera ya simu kabla ya kuingia Ziwa Nakuru, ambako vifaru weusi na weupe wapo. Fahamu kwamba WhatsApp huondoa majira ukituma kama picha, lakini ukituma kama hati ili isipoteze ubora, majira yanaenda nayo. Na faili ikiwa safi, maneno yako yanaweza kukusaliti: "asubuhi hii karibu na maporomoko ya Makalia" inatosha. Picha za vifaru zitoe baada ya wiki kadhaa, zisizo na kilima au mti unaotambulika nyuma.

Kuhifadhi

Jina la faili liwe kituo, mwaka, mwezi, siku na saa: DUNGA1_20260115_0900. Usitumie majina kama "ziwa nzuri mpya". Weka nakala tatu, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwa dada au rafiki, kwa ajili ya wezi na moto. Kadi na flashi za bei ya kutupa huonyesha GB 128 na ndani zina chache tu: zinapokea faili zote bila kulalamika, kisha za nyuma hazifunguki. Jaza kadi mpya yote kwa video zisizo na maana, uzifungue zote, ndipo uiamini. Faili asilia isiguswe. Marekebisho yafanywe kwenye nakala.

Zinakofanya kazi

Orodha za ndege zipelekwe Kenya Bird Map, ambayo imegawanya nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili inadai angalau saa mbili za kutazama ndani ya mraba mmoja, na huingizwa kwa programu ya BirdLasser. Wadudu, mimea, vyura na vingine viende iNaturalist, ambako wengine watakusaidia kutambua, na viumbe walio hatarini hufichwa mahali kamili moja kwa moja. Pakia picha tatu za kitu kimoja kutoka pande tofauti. Jani peke yake bila ua wala gome halitambuliki.

Ukikuta uharibifu, kama vile mti wa asili ulioangushwa, mafunjo yaliyochomwa au maji taka yakiingia mtoni, usibishane na mtu yeyote pale. Piga pana inayoonyesha mahali, piga ya kati, piga ya karibu yenye kijiti cha kipimo, andika saa, ondoka. Msitu wa serikali ni wa KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), wanyamapori ni wa KWS, uchafuzi ni wa NEMA (mamlaka ya mazingira). Nakala kwa chama cha watumiaji maji wa mto huo au chama cha jamii cha msitu, kwa kuwa hao ndio watakaofuatilia barua ikilala mezani. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kuhusu kifaa kilichotumika na jinsi faili ilivyotolewa. Ndiyo sababu kadi yenye faili asilia isifutwe, na aina ya kamera iandikwe daftarini.

Mvuvi, mkata mafunjo au mchuuzi akiwa ndani ya picha na anatambulika, mwombe ruhusa kabla. Mwonyeshe picha. Mkata mafunjo wa Dunga anayesuka mikeka si mhalifu. Kinamasi kimelisha nyumba yake miaka yote, na mara nyingi anajua ukingo ulikuwa wapi kabla wewe hujazaliwa. Mchapie nakala, mpelekee. Maelezo yake kuhusu mwaka gani maji yalifika wapi yaandike nyuma ya picha yako ya kituo, na jina lake kama ameridhia.

Kurithisha kituo

Kituo kinachojulikana na mtu mmoja hufa naye au huhama naye akipata kazi Nairobi. Andika ukurasa mmoja: jinsi ya kufika, jozi mbili za kulinganisha pamoja na mchoro, urefu wa kamera, mipangilio, miezi na saa. Chapisha picha moja ya kila mwaka kwenye karatasi ya A4 na uache seti kwenye maktaba, shule ya karibu au ofisi ya BMU, mahali ambapo mtu asiye na kompyuta anaweza kuzishika.

Tafuta kijana mmoja wa hapohapo, si mgeni. Mara ya kwanza piga wewe, yeye atazame. Mara ya pili mpe ukurasa na kamera, ukae mbali bila kusema neno. Anapokwama, usimwelekeze kwa mdomo. Urekebishe ukurasa, kisha mwache ajaribu tena.